Kuhamishia mahesabu ya biashara mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yetu ni kuyatoa mahesabu ya maduka, famasi na stoo za jumla kwenye kompyuta ya kaunta na kuyapeleka kwenye mifumo ya mtandaoni. Tunafanyia Dar es Salaam na mikoani. Maswali haya tumeulizwa dukani, tukiwa tumekalia kreti za soda, na majibu ni yaleyale tuliyoyatoa pale.

Mfumo wa mtandaoni ni kitu gani, na data yangu itakaa wapi?

Ni programu usiyoisakinisha kwenye kompyuta yako. Unaifungua kwa kivinjari au kwa aplikesheni ya simu, na kila unachoingiza kinatunzwa kwenye seva za mwenye programu. Watu wanaita "wingu", jina ambalo limewapotosha wengi. Hakuna kinachoelea. Ni majengo yenye walinzi, majenereta na viyoyozi. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo mifumo mingi inayotumika huku kwetu bado inakaa Ulaya au Marekani. Muulize muuzaji data yako itakaa nchi gani. Akikujibu "iko kwenye wingu", muulize tena.

Kompyuta yangu ina miaka sita na haijawahi kunisumbua. Niihame kwa nini?

Mwaka juzi tuliitwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kompyuta ilikuwa chini ya kaunta, imefunikwa kanga ili vumbi la saruji lisiingie. Ndani yake kulikuwa na miaka minne ya mauzo pamoja na orodha ya mafundi waliokopa nondo na rangi. Asubuhi hiyo iliwashwa, ikatoa mlio wa kukwaruza, skrini ikabaki nyeusi. Diski imekufa. "Bakapu ipo," mwenye duka akasema, akachomoa flashi iliyokuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Tukaifungua kwenye laptopu yetu. Faili la mwisho lilikuwa la miezi saba nyuma: flashi ilishajaa, na kila jioni ujumbe wa kwamba imejaa ulikuwa unafungwa bila kusomwa.

Mauzo tuliyajenga upya, kwa taabu, kutoka kwenye ripoti za Z, yaani muhtasari wa mauzo ya kila siku, za mashine ya EFD, ile inayotoa risiti za kodi. Madeni hatukuweza, kwa sababu EFD haijui nani amekopa. Mafundi waaminifu walikuja wenyewe kulipa. Wengine tangu siku hiyo wananunua nondo duka la pili.

Basi tatizo la kompyuta yako si umri wake. Tatizo ni kwamba biashara na kumbukumbu za biashara zimelala chumba kimoja. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, na jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024, waliopoteza ndugu walipoteza kisichorudi, na mbele ya msiba ule kompyuta ni kitu kidogo. Lakini mfanyabiashara aliyenusurika bado alikuwa na wanaomdai na anaowadai, na daftari likiwa chini ya kifusi unaanza kubishana na kila mtu.

Halafu kuna virusi. Mei 12, 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta za nchi nyingi duniani na kudai fidia, kikipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshalitolea sasisho tangu Machi. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakusasisha. Wewe mara ya mwisho kusasisha ni lini? Kama kompyuta ina Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tangu Oktoba 14, 2025. Kwenye mfumo wa mtandaoni, kuziba matundu ya seva ni kazi ya mwenye mfumo, na ana watu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu.

Kwa hiyo nikihama nimepona?

Hapana. Hatari zinabadilika sura. Unaachana na diski kufa, mwizi wa usiku, moto na kirusi cha kwenye flashi. Unapokea nyingine: intaneti, neno la siri, ada ya kila mwezi, na kumtegemea mtu ambaye hujawahi kumwona. Sisi tunazipenda hizi za pili kwa sababu nyingi unaweza kujiandaa nazo kwa kazi ya nusu saa kwa wiki. Asiyeifanya hiyo nusu saa amebadilisha tu mahali pa kuumizwa.

Intaneti ikikatika nitauzaje?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mtu, na ni haki yao kuliuliza.

Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwetu na ikakaa hivyo siku kadhaa. Waganda waliyaona hayo Januari 2021. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "siku hizi intaneti haikatiki", huyo anataka kamisheni.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kama mfumo una hali ya kufanya kazi bila mtandao. Mifumo mizuri ya mauzo inaendelea kuuza, inatunza mauzo kwenye kishikwambi au kompyuta ya kaunta, kisha inayapandisha mtandao ukirudi. Usiamini maelezo. Siku ya majaribio zima ruta mbele ya muuzaji, uza bidhaa tatu, moja kwa mkopo, kisha washa ruta uone kama zote tatu zimefika na kama stoo imepungua sawasawa. Tumewahi kuona mfumo uliopandisha mauzo mara mbili. Tumewahi kuona mwingine uliokubali mauzo ya taslimu bila mtandao lakini ukakataa ya mkopo, na mwenye duka la jumla ambaye nusu ya wateja wake wanakopa asingeweza kufanya nao kazi hata siku moja.

La pili, kuwa na laini za mitandao miwili tofauti. Ruta ya kampuni moja, na simu yenye bando la kampuni nyingine. Mfumo wa mahesabu hauli data kama video, kwa hiyo bando dogo la akiba linatosha kusukuma siku. Hii inasaidia mnara wa kampuni moja unapozima. Nyaya za baharini zikikatika au intaneti ikizimwa nchi nzima haisaidii kitu, maana laini zote zinaanguka pamoja.

Kwa siku za namna hiyo tunarudi kwenye karatasi. Weka kaunta kitabu cha stakabadhi chenye nakala, pamoja na orodha ya bei iliyochapwa ndani ya mwezi huu. Tunajua inachekesha kumwambia mtu anunue programu halafu anunue na daftari. Lakini duka lililokuwa na orodha ya bei iliyochapwa ndilo lililouza siku zile bila kumpigia bosi simu kwa kila msumari.

Na umeme?

Hapa kompyuta ya zamani ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Simu na kishikwambi vina betri. Ruta haina, kwa hiyo nunua UPS ndogo ya ruta, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Basi.

Hao wenye seva nao si wanaweza kuungua?

Wanaweza, na wameshaungua. Machi 10, 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea. Wale ambao nakala zao zilikuwa kituo hichohicho walipoteza vyote, sawasawa na yule wa flashi kwenye kompyuta hiyohiyo, isipokuwa wao walikuwa wanalipa kwa euro.

Na si moto tu. Mei 2024 huduma ya seva ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ilifutwa kwa makosa kwenye mitambo ya Google. Wanachama walikaa kama wiki nzima bila kuona akaunti zao. Kilichosaidia kuurudisha mfuko ni pamoja na nakala walizokuwa wameweka kwa kampuni nyingine. Na Oktoba 20, 2025 hitilafu ilitokea kwenye vituo vya Amazon vya Virginia, ikaangusha kwa saa nyingi huduma ambazo watu hawakujua hata kama zinategemea Amazon.

Kwa hiyo sheria yetu ni moja kwa kila mteja: kila Ijumaa kabla ya kufunga, pakua faili nne kwa Excel. Orodha ya bidhaa na idadi iliyopo stoo, wateja na wanachodaiwa, wasambazaji na unachodaiwa wewe, na mauzo ya wiki. Ziweke kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani, si dukani. Kazi yenyewe ni dakika kumi. Mara moja kwa mwezi fungua faili moja uhakikishe linafunguka na tarehe ni ya kweli, maana nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Mkataba ukisema huduma itapatikana asilimia 99.9 ya muda, usione ni ajabu: hiyo 0.1 iliyobaki ni karibu saa tisa kwa mwaka, na hakuna anayeahidi kwamba hazitakuwa saa tisa za mkesha wa Idi. Fidia yao ikija huwa ni punguzo la ada. Mauzo uliyopoteza hawayalipi.

Wezi wa mtandaoni wakiniingilia je?

Wateja wetu walioibiwa, wengi hawakuibiwa na mtu wa Urusi mwenye kofia. Waliibiwa na neno la siri lililobandikwa kwenye skrini.

Tukifika dukani tunakuta wafanyakazi wanne wanaingia kwa jina la bosi. Mfumo unaonyesha bosi ameuza, bosi amefuta, bosi amerudisha mali, na bosi mwenyewe alikuwa Morogoro kwenye harusi. Siku ya kwanza tunampa kila mtu jina lake. Keshia anauza lakini hafuti ankara. Mtu wa stoo anapokea mzigo lakini haoni faida. Kwenye duka moja la vipuri, wiki tatu baada ya kufanya hivyo, mwenye duka alifungua kumbukumbu ya mabadiliko akaona ankara za "mali iliyorudishwa", tatu au nne kila wiki, zote baada ya saa moja usiku, zote za taslimu, zote kwa jina moja. Hatukuulizwa ushauri zaidi. Kumbukumbu ya namna hiyo, isiyofutika na keshia, peke yake inaweza kulipa ada ya mwaka.

Kisha washa uhakiki wa hatua mbili: baada ya neno la siri, mfumo unakuomba na namba ya uhakiki. Kama namba hiyo inakuja kwa SMS, jua kwamba matapeli wanaweza kwenda kwa wakala, wakarudisha laini yako kwa jina lako, na namba hizo zikaanza kuingia kwao. Tumia programu ya kutoa namba za uhakiki kwenye simu badala ya SMS. Namba za uhakiki za dharura zichape, weka pamoja na leseni ya biashara. Kampuni moja, Code Spaces, ilifungwa mwaka 2014 baada ya mtu kuingia kwenye akaunti yao ya Amazon na kufuta karibu kila kitu, na nakala zikiwemo, kwa sababu zote zilikuwa chini ya ufunguo mmoja.

Akaunti ifunguliwe kwa jina la nani?

Watu hawalitilii maanani swali hili, nasi tunatamani lingekuwa la kwanza. Mara nyingi mfumo unafunguliwa na mpwa aliye likizo ya chuo, kwa barua pepe yake, kwa sababu "yeye ndiye anajua mambo ya kompyuta". Mpwa anarudi chuo, anabadilisha simu, anagombana na shangazi kuhusu ada. Kwa mwenye programu, mteja ni mpwa. Barua pepe yake ndiyo hati ya nyumba.

Fungua barua pepe ya biashara, sio ya mtu. Mwenye biashara awe ndiye msimamizi mkuu, na awepo wa pili anayeaminika, mke, mume au mshirika. Tumeona familia iliyofiwa na baba ikikaa wiki mbili bila kujua nani anadaiwa, kwa kuwa simu ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa alama ya kidole chake. Ni jambo zito kulizungumza mkiwa hai na wazima, lakini lizungumzeni.

Gharama zake zikoje? Si nitalipa milele?

Utalipa kila mwezi au kila mwaka, ndiyo. Linganisha na bei ya kompyuta, fundi, UPS kubwa na ile siku ya diski kufa. Kinachotusumbua zaidi ya ada ni dola. Mfumo wa dola 30 kwa mwezi ni shilingi 72,000 dola ikiwa 2,400, na ni 81,000 dola ikiwa 2,700. Mwaka 2024 tuliiona ikivuka hapo kabla ya kushuka mwisho wa mwaka. Kuna pia VAT kwenye huduma za kidijitali kutoka nje, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 kwetu na 16 Kenya, na bei ya kwenye tangazo mara nyingi haiionyeshi. Mfumo unaouzwa kwa shilingi, kama unakutosha, unakupunguzia hilo.

Jambo dogo lenye maudhi: kadi. Wengi wanalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu. Siku ya kukatwa salio halipo, malipo yanagoma, mfumo unakuruhusu kutazama tu. Weka kengele kwenye simu siku tatu kabla.

Sheria inaruhusu kuweka taarifa za wateja nje ya nchi?

Kwa masharti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume, na kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna taratibu zake. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Duka la nondo lenye majina na namba za simu lina kazi ndogo. Famasi inayoandika nani ananunua dawa gani inagusa taarifa nyeti, na hapo tunakushauri umuone mwanasheria kabla ya kutuona sisi.

Na TRA?

Kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano, ziwe za karatasi au za mtandaoni. Hakikisha mfumo unatoa ripoti za miaka ya nyuma hata ukishusha kifurushi. Mfumo wa mahesabu hauondoi risiti ya EFD. Uliza kama unaungana nayo, la sivyo keshia ataandika kila uuzaji mara mbili na baada ya wiki ataacha kuandika mmoja.

Kampuni ya programu ikifunga, au nikitaka kuhama?

Inatokea hata kwa kubwa. Intuit iliondoa QuickBooks India mwaka 2023, na wafanyabiashara wa huko wakatakiwa kupakua data zao na kutafuta pa kwenda. Hawakuwa wamekosea lolote.

Ndiyo maana tunajaribu mlango wa kutokea kabla ya kulipa. Katika siku za majaribio ya bure, ingiza bidhaa kumi na wateja watano, kisha omba data yako yote. Ukipewa Excel yenye safu zinazosomeka, vizuri. Ukipewa PDF, hiyo ni picha ya data, huwezi kuipandisha popote. Ukiambiwa "tuandikie barua pepe, timu itakusaidia", sisi huwa tunafunga laptopu pale pale.

Kuna biashara ambayo mngeiambia isihamie?

Zipo. Genge na kioski vinavyouza taslimu tupu havihitaji zaidi ya daftari na simu. Mahali ambapo mtandao haukai hata saa mbili kwa siku, subiri. Na kama stoo yako haijahesabiwa mwaka mzima, hesabu kwanza. Ukiingiza uongo mtandaoni utaupata popote ulipo.

Kuhama kunachukua muda gani?

Duka la kawaida, wiki tatu hadi sita. Tunahesabu mali usiku wa mwisho wa mwezi, tunaingiza madeni jina kwa jina huku mwenye duka akiwapigia wateja kuthibitisha, na hapo ndipo siku zinapoishia. Mwezi wa kwanza mfumo mpya na wa zamani vinakwenda pamoja. Wafanyakazi watanung'unika, na wana haki, kazi ni mara mbili. Waongezee nauli mwezi huo.

Kompyuta ya zamani niiuze?

Usiiuze mapema. Itunze mpaka miaka yako ya kodi ipite, au toa diski uitunze hiyo peke yake kwenye bahasha yenye tarehe. Ukiamua kuuza, kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakutoshi. Diski ifutwe kwa programu maalumu au ivunjwe kwa nyundo. Mwaka jana tulinunua kompyuta iliyotumika kwa ajili ya mazoezi ya vijana wetu. Tulipoiwasha tulikuta daftari la madeni la duka la vitambaa, majina kamili, namba za simu na kiasi, limeachwa wazi kwenye skrini ya kwanza.